Msumeno Ukatao Mbele na Nyuma: Kiongozi wa Mashtaka wa Dostoevsky na Historia ya Kuwagawa Watu kwa Aina za Tabia

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi hakuna kazi iliyozoeleka kama ile ya kuwapanga wahusika katika mafungu. Mwanafunzi hufundishwa mapema kumtenga mhusika bapa na mhusika duara, mgawo ulioenezwa na mwandishi Mwingereza E. M. Forster katika mihadhara yake ya mwaka 1927. Msomaji wa kawaida ambaye hakupata kumsikia Forster naye huwapanga wahusika wake kwa majina ya mtaani: huyu bahili, huyu mnafiki, yule mpole. Kazi hiyo haina ubaya kwa asili yake. Pasipo mafungu akili ya mwanadamu haiwezi kuushika wingi wa mambo. Hata hivyo, yafaa kuulizwa ni wakati gani fungu huacha kuwa chombo cha maelezo na kugeuka kuwa hukumu.

Swali hilo lina historia ndefu, na riwaya moja ya Kirusi imeliweka mahali panapolistahili, yaani mahakamani. Riwaya yenyewe ni Ndugu wa Karamazov ya Fyodor Dostoevsky, iliyotolewa sehemu kwa sehemu katika jarida la Russkii Vestnik kati ya mwaka 1879 na 1880. Ndani yake yumo kiongozi wa mashtaka aitwaye Ippolit Kirillovich. Si mhusika mkuu, na wahakiki wengi humpita upesi ili wawafikie ndugu watatu ambao riwaya imebeba jina lao. Lakini kwa mwenye kuichunguza historia ya aina za tabia, mhusika huyu ana thamani ya pekee, kwa sababu yeye mwenyewe ni mgawaji wa watu kwa aina, na mgawo wake unamfikisha mtu asiye na hatia katika hukumu ya muuaji wa baba yake.

Makala haya yanakusudia kumpima mpimaji huyo kwa mifumo kadhaa, kuanzia ile ya Wayunani wa kale hadi ile ya karne ya 20. Itaonekana kwamba kila mfumo unamshika kwa upande mmoja na kumwacha kwa upande mwingine. Itaonekana pia kwamba mhakiki anayeridhika kumtia kiongozi huyo wa mashtaka katika fungu lake na kufunga faili, amelirudia kosa lile lile alilolitenda mhusika anayemhakiki.

Neno "tabia" na mifumo ya kale

Mtumiaji wa Kiswahili ana njia ya karibu ya kuiingia historia hii, nayo ni neno tabia lenyewe. Leo neno hilo lina maana ya mwenendo: mtu ana tabia njema au tabia mbaya. Katika Kiarabu, ambako limetoka, neno hilo lina maana ya maumbile, na katika vitabu vya utabibu wingi wake ulitumika kutaja hali za asili zilizodhaniwa kuutawala mwili. Waganga wa kitabu wa mwambao wa Afrika Mashariki waliipokea elimu hiyo na kuzitaja hali zake kwa majina ya hari, baridi, yabisi na rutuba. Kwa hiyo katika neno moja mna dhana mbili: jinsi mtu alivyoumbwa na jinsi mtu anavyotenda. Anayesema "hiyo ndiyo tabia yake" huweza kuwa anaeleza alichokiona jana, au huweza kuwa anatabiri kitakachotokea kesho. Lugha haimlazimishi kuchagua.

Elimu hiyo ya hali nne chimbuko lake ni Uyunani. Maandishi yanayonasibishwa na Hippocrates na wafuasi wake yalifundisha kwamba mwilini mna maji ya aina nne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Katika karne ya 2 baada ya Kristo tabibu Galen aliifafanua elimu hiyo kwa kirefu, na katika karne ya 11 Ibn Sina aliipanga upya katika kitabu chake cha Al-Qanun. Mwanzoni nadharia hii ilihusu afya na maradhi. Vizazi vilivyofuata ndivyo vilivyoikuza hata ikawa nadharia ya mienendo: mwenye damu nyingi akawa mchangamfu, mwenye kohozi akawa mtulivu na mzito, mwenye nyongo ya manjano akawa mwepesi wa hasira, na mwenye nyongo nyeusi akawa mtu wa huzuni na shaka.

Kando ya matabibu, Wayunani walikuwa na njia nyingine. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika mnamo mwaka 319 kabla ya Kristo, au karibu na hapo, kijitabu chenye picha thelathini za watu: mwongo wa kujipendekeza, mbea, bahili, mwoga na wengineo. Theophrastus hakueleza kwa nini bahili ni bahili. Alionyesha tu anavyosema na anavyotenda sokoni, nyumbani na karamuni. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni muhimu kwa makala haya. Theophrastus anaeleza, Galen anatoa sababu. Anayeeleza anaweza kusahihishwa na tendo jipya. Anayetoa sababu hulifanya tendo jipya liwe ushahidi mwingine wa sababu yake.

Katika karne ya 18 na ya 19 hatua ya tatu iliongezwa. Johann Kaspar Lavater, mchungaji wa Uswisi, alichapisha kati ya 1775 na 1778 maandishi yake juu ya kuisoma nafsi kwa sura ya uso. Baadaye, mwaka 1876, tabibu Mwitalia Cesare Lombroso alitoa kitabu juu ya mtu mhalifu, akidai kwamba baadhi ya wahalifu huzaliwa hivyo na kwamba alama zao huonekana katika fuvu, taya na masikio. Hapo aina ya tabia iliingia mahakamani waziwazi. Ilikuwa imekwisha kuwa maelezo, kisha sababu. Sasa ikawa utabiri, na kutoka utabiri hadi hukumu hatua ni fupi mno. Ndugu wa Karamazov ilianza kuchapishwa miaka mitatu tu baada ya kitabu cha Lombroso.

Mahakama mpya ya Urusi

Ili kumwelewa Ippolit Kirillovich ni lazima kukumbuka mageuzi ya mahakama yaliyofanywa na Mfalme Alexander wa Pili mwaka 1864. Kabla ya hapo kesi za Urusi ziliamuliwa kwa maandishi, nyuma ya milango iliyofungwa. Mageuzi yalileta kesi za hadharani, mawakili wa utetezi na juri ya raia kumi na wawili. Juri hiyo isichanganywe na wazee wa baraza waliojulikana katika mahakama za Afrika Mashariki, ambao walitoa maoni yao lakini hakimu hakufungwa nayo. Nchini Urusi neno la juri ndilo lililoamua kama mtu ana hatia au hana.

Matokeo yake ni kwamba ufasaha wa kusema ulipata nguvu mpya. Kiongozi wa mashtaka na wakili walilazimika kuwashawishi wakulima, wafanyabiashara na makarani, tena mbele ya umati uliokuja kama unaokwenda kwenye tamasha. Machi 1878 Vera Zasulich, aliyempiga risasi gavana wa jiji la St. Petersburg, aliachiliwa na juri ijapokuwa tendo lenyewe halikukanushwa. Dostoevsky alikuwamo katika ukumbi wa mahakama siku hiyo.

Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuingia katika uwanja huo. Mwaka 1876 alimtetea kwa kalamu yake mwanamke mmoja mjamzito, Ekaterina Kornilova, aliyemtupa dirishani mtoto wa mumewe, mtoto alinusurika. Dostoevsky alidai kwamba ujauzito ulikuwa umeivuruga akili ya mama huyo. Kesi ilisikilizwa tena, na mwaka 1877 Kornilova akaachiliwa. Kwa hiyo mtunzi huyu hakuwa adui wa saikolojia mahakamani. Aliwahi kuitumia, na ikaokoa mtu.

Lakini alijua pia upande wa pili. Mwaka 1849 alikamatwa pamoja na wanachama wa kikundi cha Petrashevsky, akahukumiwa kifo, akasimamishwa uwanjani kama anayengoja risasi, kisha adhabu ikabadilishwa kuwa miaka minne ya kazi ngumu huko Omsk, Siberia. Gerezani alimkuta mfungwa mmoja aliyehukumiwa kwa kumuua baba yake. Katika kitabu chake juu ya maisha ya gereza hilo, kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1860, msimulizi anamweleza mfungwa huyo kuwa mtu mchangamfu asiyejali, naye anastaajabia ukosefu wa hisia ndani yake, kana kwamba ni kasoro ya maumbile. Anaongeza kwamba aliona shida kuuamini uovu ule, ila watu waliotoka mji mmoja na mfungwa walimweleza habari zote, na ushahidi ulikuwa wazi. Baadaye, katika sura nyingine ya kitabu hicho hicho, msomaji anaarifiwa kwamba mfungwa huyo hakuwa na hatia yoyote, na kwamba aliteseka miaka kumi bure. Ule uchangamfu uliosomwa kuwa ugumu wa moyo haukuwa dalili ya chochote isipokuwa kwamba mtu alikuwa mchangamfu. Wataalamu wanamhesabu mfungwa huyo kuwa kiini cha Dmitri Karamazov.

Mhusika mwenyewe

Ippolit Kirillovich kwa cheo ni naibu, lakini mji mzima humwita kiongozi wa mashtaka. Ana umri wa miaka kama thelathini na mitano, ana dalili za kifua kikuu, na ameoa mwanamke mnene asiye na mtoto. Msimulizi anampa sifa zinazopingana. Ni mwenye majivuno na mwepesi wa kukasirika, lakini ana akili thabiti na moyo mwema. Kasoro yake ni kwamba anajikadiria kuwa juu kidogo ya kiwango chake cha kweli. Anaamini kwamba wakubwa wa idara wamemruka na kwamba ana maadui. Zaidi ya yote anajiona kuwa na kipawa cha saikolojia, yaani cha kuijua nafsi ya mhalifu na uhalifu wake. Katika mji huo mtu mmoja tu ndiye anayekiamini kipawa hicho bila shaka yoyote, naye ni hakimu mpelelezi kijana aliyefika karibuni kutoka St. Petersburg.

Kesi ya Dmitri ndiyo nafasi aliyoingojea maishani. Mzee Fyodor Karamazov ameuawa, na bahasha iliyokuwa na rubo 3,000 imekutwa sakafuni ikiwa tupu. Dmitri alikuwa amegombana na baba yake kwa ajili ya fedha na mwanamke, usiku ule alionekana akikimbia na mchi wa shaba, na baadaye alikuwa na damu mikononi na fedha nyingi mfukoni. Inapaswa kukiriwa kwa haki kwamba ushahidi huo ni mzito. Ippolit Kirillovich hakuizua kesi. Tena msimulizi anasisitiza kwamba aliamini kwa moyo wake wote kuwa mshtakiwa ana hatia. Miezi tisa baada ya hotuba yake alifariki kwa maradhi ya kifua. Mbele ya msomaji hayupo mlaghai. Yupo mtu mkweli aliyekosea.

Hotuba ya aina

Hotuba ya kiongozi wa mashtaka imechukua sura nne za riwaya, na mpangilio wake wastahili kuchunguzwa. Haianzi na bahasha wala mchi. Inaanza na watu. Baba anachorwa kama mfano wa wazazi wa zama zile. Ivan anawekwa kuwa mfano wa Uropa, Alyosha kuwa mfano wa wanaokimbilia mila za umma, na Dmitri kuwa mfano wa Urusi yenyewe ilivyo. Kabla ya juri kusikia tena lolote juu ya usiku wa mauaji, mshtakiwa amekwisha kupewa aina: ni wa akina Karamazov, na Karamazov ni mtu anayeweza kutazama vilindi viwili kwa wakati mmoja, kilindi cha juu cha utukufu na kilindi cha chini cha uchafu.

Hadi hapo ni maelezo, tena maelezo mazuri. Kosa linaingia katika suala la fedha. Dmitri alidai kwamba fedha alizokuwa nazo hazikutoka katika bahasha ya baba yake. Zilikuwa nusu ya rubo 3,000 alizopewa na mchumba wake. Nusu hiyo aliishona katika kitambaa na kuivaa shingoni mfano wa hirizi, akikusudia kuirudisha. Kiongozi wa mashtaka anaikataa habari hiyo, na sababu yake kubwa si ya ushahidi bali ya aina: mtu wa tabia hii hawezi kukaa mwezi mzima na fedha kifuani bila kuifungua hirizi yake na kuchota mia baada ya mia. Riwaya inamjulisha msomaji kwamba Dmitri alisema kweli. Alyosha hata alikumbuka kizimbani jinsi kaka yake alivyojipiga sehemu ya juu ya kifua, pale ilipokuwa hirizi. Ushahidi wa macho ulisimama upande mmoja, aina ya tabia ikasimama upande wa pili, na aina ikashinda.

Wakili mtetezi, Fetyukovich, aliona mwanya huo. Ikiwa Karamazov ana vilindi viwili, alijibu, basi anaweza kusimama katikati ya ulevi wake na kuitenga nusu ya fedha. Hoja ile ile, matokeo mawili. Hali kadhalika katika suala la mtumishi mzee aliyepigwa mchi karibu na ukuta wa bustani: Dmitri alishuka tena na kumwinamia majeruhi kwa dakika kadhaa. Kiongozi wa mashtaka alisema aliinama ili ahakikishe kuwa shahidi amekufa. Wakili alisema aliinama kwa huruma, na kwamba mtu mwenye hesabu baridi kiasi hicho asingeutupa mchi njiani uonekane na kila mtu. Wakili aliifananisha saikolojia na fimbo yenye ncha mbili. Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Katika kesi hii sifa hiyo iliihusu saikolojia zaidi ya sheria.

Mtunzi ameliweka jambo hilo hilo katika kichekesho cha matabibu watatu. Walioitwa kuipima akili ya mshtakiwa walitofautiana juu ya upande aliostahili kutazama alipoingia ukumbini. Mmoja alisema alipaswa kutazama kushoto waliko wanawake, kwa kuwa ni mpenda wanawake. Wa pili alisema alipaswa kutazama kulia, kwa wakili wake. Wa tatu alisema alifanya sawa kutazama mbele, kwa kuwa mbele ndiko waliko mahakimu. Kila tabibu alikuwa na mfumo, na kila mfumo ulikuwa na mtu wake wa kufikirika ambaye Dmitri alipimwa kwake.

Jambo zito zaidi limefichwa kwa msemaji mwenyewe. Muuaji halisi alikuwa Smerdyakov, mtumishi mwenye kifafa, ambaye kiongozi wa mashtaka alimtengea sehemu nzima ya hotuba ili kumtoa katika shaka. Kwa hesabu yake Smerdyakov alikuwa mwoga, dhaifu wa akili na wa mwili, aina isiyoweza kuua. Hoja mojawapo aliyojivunia ilikuwa kwamba mwizi mzoefu angeichukua bahasha aende nayo, na kwamba ni Dmitri tu, kwa haraka zake, ambaye angeirarua na kuiacha sakafuni. Wakili alieleza kwamba siku mbili kabla alikuwa amelisikia wazo hilo hilo kutoka kwa Smerdyakov. Na msomaji anajua zaidi, kwa kuwa Smerdyakov mwenyewe alimwambia Ivan kwamba alilidokeza wazo hilo kwa kiongozi wa mashtaka bila kulisema wazi, ili ajione amelivumbua mwenyewe. Mjuzi wa nafsi alifundishwa hoja yake na mtu aliyemhesabu kuwa mjinga. Usiku wa kuamkia kesi Smerdyakov alijinyonga, na njia ya kuupata ukweli kwa kinywa chake ikafungwa.

Kumpima mpimaji

Je, Ippolit Kirillovich mwenyewe ni wa aina gani? Kwa mizani ya Galen mtu angesema ni wa nyongo ya manjano: ana hamu ya cheo, hukasirika upesi, hupenda vita vya maneno. Lakini mwingine angesema ni wa nyongo nyeusi: ni mgonjwa, ana shaka, anahesabu maadui asiowaona, na siku ya kesi uso wake umekonda na kubadilika rangi. Sifa zote hizo zimo katika riwaya. Mpimaji wa kwanza na wa pili hawakutofautiana juu ya mambo waliyoyaona. Wametofautiana juu ya lipi liitwe kiini.

Kwa mizani ya Lombroso haiwezekani kumpima kabisa, na kushindwa huko kuna maana yake. Mfumo ule uliundwa ili kumtazama aliyeko kizimbani. Haukuwa na macho ya kumgeukia aliyesimama upande wa mashtaka.

Carl Gustav Jung, katika kitabu chake cha mwaka 1921, aliwagawa watu kwa mielekeo miwili, wa kuelekea nje na wa kuelekea ndani, na kwa kazi nne za nafsi: kufikiri, kuhisi, kutumia milango ya fahamu, na kutambua kwa moyo bila hatua za hoja. Ippolit Kirillovich anajidhani ni mtu wa kufikiri, kwani hotuba yake imejaa hatua na hesabu. Mhakiki huweza kusema kwamba kwa kweli ni mtu wa utambuzi wa moyo, aliyeuona mwisho wa kesi tangu siku ya kwanza, kisha akazijenga hatua za kufika huko. Tafsiri hiyo ni nzuri, na yawezekana ndiyo iliyo karibu zaidi na maandishi. Lakini hapo pana hatari. Ikiwa kufikiri kwake ni vazi tu la kitu kingine, basi hakuna neno analoweza kusema litakalompinga mhakiki. Ndivyo hasa yeye alivyomtendea Dmitri katika mahojiano: kila kanusho likawa dalili.

Kutokana na Jung walitokea Wamarekani wawili, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers. Mama alikuwa ameanza kwa kuwapanga watu aliowasoma katika vitabu vya wasifu. Binti, ambaye aliwahi kuandika riwaya ya upelelezi, alianza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kutunga maswali ambayo majibu yake yangempa kila mtu moja ya aina kumi na sita. Kitabu cha mwongozo wake kilitoka mwaka 1962. Mfumo huo umeenea sana katika ofisi na vyuo, ijapokuwa wanasaikolojia wengi wameukosoa kwa sababu mtu huyo huyo akijibu maswali mara ya pili mara nyingi huangukia aina nyingine, na kwa sababu watu wengi husimama karibu na katikati, si kwenye ncha. Ukitumiwa kwa mhusika wa riwaya tatizo huzidi. Mhusika hajibu maswali. Mhakiki ndiye anayejibu kwa niaba yake. Tena anajibu kutokana na maneno ya msimulizi, ambaye katika riwaya hii ni mkazi wa mji ule ule, mwenye umbea na upendeleo wake. Kinachopimwa ni habari za mtu kama zilivyopokewa.

Nadharia mbili zaidi zastahili kutajwa kwa kuwa zinahusu riwaya hii moja kwa moja. Mwaka 1928 Sigmund Freud aliandika juu ya Dostoevsky na mauaji ya baba, akashikilia kwamba kwa saikolojia si muhimu ni nani aliyetenda, bali ni nani aliyetamani. Hoja hiyo yaweza kumfaa mwenye kuitafiti nafsi. Ikipelekwa mahakamani itamhukumu Dmitri upya. Mwaka mmoja baadaye, 1929, Mikhail Bakhtin alitoa kitabu chake juu ya utunzi wa Dostoevsky, alichokipanua mwaka 1963. Kwa maoni yake mpelelezi, kiongozi wa mashtaka, wakili na wataalamu wote walishindwa kukifikia kiini hai cha Dmitri, kwa sababu mtu aliye hai bado hajakamilika, bado anaweza kulisema neno ambalo litabadili yote yaliyosemwa juu yake. Wao walimweka mahali pake mtu aliyekwisha.

Bakhtin alisema kweli, lakini yapasa kuongezwa kwamba haki hiyo ya kutokamilika ni ya Ippolit Kirillovich pia. Mhakiki anayemwita mwenye kijicho, mgonjwa wa sifa, au aina fulani kati ya kumi na sita, amesema jambo lenye chembe ya ukweli. Ameacha moyo mwema ambao msimulizi ameutaja. Ameacha pia kwamba upande wa pili haukuwa na malaika: Fetyukovich aliyeikosoa saikolojia kwa ustadi mkubwa hakuamini kwamba mteja wake hakuua, na mwisho wa hotuba yake alianza kumwombea kama muuaji anayestahili huruma. Mmoja aliiamini aina na kuukosa ukweli. Mwingine aliibomoa aina na bado akaukosa ukweli, kwa kuwa hakuutafuta.

Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha ngazi yenye vidato vinne: maelezo, sababu, utabiri, hukumu. Ulimwengu ulichukua zaidi ya miaka elfu mbili kutoka kwa Theophrastus hadi kwa Lombroso. Ippolit Kirillovich alivipanda vidato vyote katika hotuba moja ya usiku mmoja, na mwisho wake juri ya mjini ikatamka kwamba Dmitri ana hatia katika kila shtaka.

Funzo lake kwa uhakiki wa fasihi ya Kiswahili si kwamba mafungu yatupwe. Mhusika bapa na mhusika duara wataendelea kuwafaa walimu, na neno tabia litaendelea kubeba maana zake mbili. Funzo ni kwamba fungu libaki katika kidato cha kwanza. Mhakiki akisema "mhusika huyu ni bahili", asiliepuke tendo moja la ukarimu lililofichwa katika ukurasa wa mwisho kwa kulieleza kuwa ni ubahili wa aina nyingine. Alilete mbele, alipime, na likibidi alivunje fungu lake. Hirizi ya Dmitri ilikuwa tendo la namna hiyo: jambo dogo lisiloingia katika aina, na ndani yake mlikuwa na ukweli wote wa kesi.